Mali Bila Daftari: Hotuba kwa Wanaouza Bidhaa za Kidijitali

Ndugu zangu wauzaji, wageni wetu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie chajibeki, yaani ile hali ambayo mnunuzi anakwenda benki yake, anapinga malipo aliyokufanyia, na benki inauvuta muamala nyuma. Naomba nianze na muamala mmoja, kwa sababu huo ulinifundisha zaidi ya kitu kingine chochote katika biashara hii.

Nilikuwa nauza kozi ya video ya uhariri wa sauti, masomo 41. Mnunuzi mmoja alilipa kwa kadi usiku, akafungua somo la kwanza baada ya dakika chache, na ndani ya wiki tatu akayamaliza yote. Hata cheti cha kumaliza alikipakua. Miezi miwili baadaye nikapata barua pepe kutoka kampuni ya malipo: mwenye kadi amepinga malipo haya, pesa zimekwisha kuondolewa kwenye salio lako pamoja na ada, jibu kabla ya tarehe fulani.

Nilikasirika sana. Nikaandika barua ya kurasa tatu. Nikaambatisha orodha ya masomo yote 41, kila moja na saa lilipotazamwa. Nikaambatisha na cheti. Nikaeleza jinsi kozi ile ilivyonichukua mwaka mzima kuiandaa. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeisoma barua ile asiseme haki ni yangu.

Nikashindwa.

Nilikaa na uchungu ule muda mrefu, mpaka siku niliyoirudia ile barua pepe ya kwanza nikiwa nimetulia. Kulikuwa na mstari mmoja niliouruka, nao ulitaja sababu ya pingamizi: mwenye kadi hakuidhinisha muamala. Hakusema kwamba hakuipata kozi. Alisema si yeye aliyeinunua. Mimi nikajibu kwa kurasa tatu kwamba kozi ilitazamwa. Benki ingeweza kuniamini kila neno na bado ikauliza: sawa, ilitazamwa, lakini na nani? Aliyeiba kadi naye hutazama video. Nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Karibu yote nitakayosema leo yanatoka kwenye mstari ule.

Lakini kwanza nataka tuutendee haki utaratibu wenyewe, maana nimesikia wenzangu wakiuita wizi uliohalalishwa, na sikubaliani nao. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Fair Credit Billing Act. Ilimpa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga kwa maandishi kosa lililo kwenye hesabu yake ndani ya siku 60 tangu atumiwe taarifa, na miongoni mwa makosa hayo wakaweka bidhaa ambayo haikufika kama walivyokubaliana. Mwaka huohuo Uingereza ikapitisha sheria yake ya mikopo ya watumiaji. Kifungu cha 75 cha sheria hiyo kinaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei inayozidi paundi 100 na isiyozidi 30,000. Mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard nayo ina kanuni zake yenyewe, zinazofanya kazi hata pale ambapo sheria ya nchi haisemi kitu, na zinazogusa hata kadi za kawaida zinazochota moja kwa moja kwenye akaunti. Hizo ndizo zinazotukuta wengi wetu.

Sasa jiulize. Mtu asiyekujua, aliye bara jingine, anaingia kwenye ukurasa uliouunda wiki iliyopita na kuandika namba za kadi yake. Ujasiri huo anautoa wapi? Hakuamini wewe, maana hakujui. Anaamini kwamba mambo yakiharibika, benki yake itasimama upande wake. Muuzaji mdogo asiye na jina anaishi kwa imani hiyo kuliko anavyoishi muuzaji mkubwa, kwa sababu mkubwa ana jina la kumtetea. Ingeondolewa leo, wa kwanza kufunga duka tungekuwa sisi tulio humu ndani.

Kwa hiyo mimi sipigani na chajibeki. Napigana na uzembe wangu mwenyewe, ule unaonifanya nisimame mbele ya benki mikono mitupu.

Tuangalie pingamizi linavyosafiri. Mwenye kadi anaiambia benki iliyompa kadi. Benki hiyo inalipatia lalamiko namba ya sababu na kulipitisha kwenye mtandao wa kadi, linafika kwa benki inayompokelea muuzaji malipo, kisha kwa kampuni ya malipo, na mwisho kwako. Pesa huondolewa kwako kwanza, maelezo yako husikilizwa baadaye. Mwenye kadi kwa kawaida huwa na hadi siku 120 za kupinga, na kwa huduma itakayotolewa baadaye hesabu inaweza kuanza siku ambayo huduma ilitakiwa kutolewa, wala si siku ya malipo. Kwa hiyo ukiuza leo kozi itakayoanza baada ya miezi mitatu, pesa zile bado zinaweza kupingwa muda mrefu baada ya wewe kuzitumia. Wewe siku zako za kujibu ni chache mno ukilinganisha na zake. Ukichelewa hata kwa siku moja, umeshindwa, uwe na ushahidi wa namna gani.

Anayeamua hakujui wala hajaiona bidhaa yako. Ana faili nyingi mezani na anaipitia yako kwa haraka. Ukikumbuka hilo, barua yako itabadilika yenyewe.

Anayeuza viatu ana hati ya msafirishaji yenye anwani na sahihi ya aliyepokea. Sisi tuna nini? Tuna kiungo kilichotumwa kwa barua pepe. Kitabu cha kidijitali hakina uzito, ufunguo wa leseni, yaani msimbo wa kufungulia programu, hausainiwi mlangoni, na mnunuzi akishaupata hawezi kuurudisha kwa maana yoyote ya kweli, kwa sababu nakala inabaki kwake. Ndiyo maana ule msemo wa wazee, mali bila daftari hupotea bila habari, mimi nauchukua kama ulivyo, neno kwa neno. Daftari letu ni kumbukumbu za seva. Asiye nazo hana cha kuonyesha kwamba aliwahi kuuza kitu.

Twende kwenye sababu, maana hapo ndipo kesi nyingi zinapopotelea. Kwa Visa, pingamizi la ulaghai kwenye ununuzi wa mtandaoni hubeba namba 10.4. Bidhaa haikupokelewa ni 13.1. Usajili unaojirudia uliokwisha kusitishwa ni 13.2. Bidhaa si kama ilivyoelezwa, au ni mbovu, ni 13.3. Mastercard wana namba zao: 4837 ni kutoidhinishwa, na 4853 hukusanya malalamiko mengi ya mnunuzi. Huna haja ya kuzikariri, ila kila moja ni swali tofauti na inataka jibu tofauti.

Akisema hakupokea, hapo ndipo ile orodha yangu ya masomo 41 ingekuwa dhahabu: faili ilipakuliwa tarehe fulani, saa fulani, kutoka anwani hii ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, kwa akaunti hii. Akisema bidhaa si kama ilivyoelezwa, orodha ile haisaidii kitu, kwa sababu kutazama video si kukubali kwamba ni nzuri. Hapo unahitaji ukurasa wa mauzo kama ulivyokuwa siku aliyonunua. Nasisitiza, siku aliyonunua. Wengi wetu hubadilisha maelezo ya bidhaa kila mwezi na hatuhifadhi ya zamani, kisha tunaipelekea benki ukurasa wa leo kama ushahidi wa ahadi ya mwaka jana. Hifadhi nakala yenye tarehe kila unapobadilisha maelezo. Ni kazi ya dakika mbili.

Akisema hakuidhinisha, swali linalobaki ni nani alikuwa kwenye kibodi. Tangu Aprili 2023 Visa ina kanuni inayotufaa sana sisi wenye wateja wanaorudi. Ukionyesha miamala miwili ya nyuma iliyofanywa kwa kadi ileile, yenye umri wa siku 120 hadi 365 kabla ya pingamizi, isiyowahi kuripotiwa kuwa ya ulaghai, na ikalingana na muamala unaopingwa kwa angalau vitu viwili kati ya anwani ya IP, kifaa, akaunti ya mteja na anwani ya kupelekea bidhaa, basi mzigo wa hasara unahama kutoka kwako na kwenda kwa benki iliyotoa kadi. Sharti ni kwamba kimoja kati ya hivyo viwili kiwe anwani ya IP au kifaa. Sasa tazama mtego uliomo: miamala hiyo ya nyuma ilitokea miezi mingi kabla hujajua kwamba utaihitaji. Kama siku ile mfumo wako haukuandika anwani ya IP, leo huwezi kuitunga. Ushahidi wa kesi ya mwaka huu uliwekwa mwaka jana, au haukuwekwa kabisa.

Vipi kuhusu mnunuzi mpya ambaye hana historia? Hapo kuna 3-D Secure, ile hatua ambayo benki ya mnunuzi humtaka athibitishe kuwa ndiye, kwa msimbo au kwa programu ya simu. Muamala ukipita hapo sawasawa, dhima ya ulaghai kwa kawaida huhamia kwa benki iliyothibitisha. Wapo wanaoikwepa kwa hofu kwamba mnunuzi ataona usumbufu na kuondoka. Hofu hiyo ina msingi, wako wanaoondoka kweli. Ushauri wangu ni kuiwasha kwa bidhaa za bei kubwa na kwa miamala yenye harufu mbaya. Tena ikumbukwe kwamba kinga hiyo ni ya ulaghai peke yake. Mnunuzi aliyethibitisha vizuri kabisa bado anaweza kudai kwamba bidhaa ni mbovu, na hapo 3-D Secure haikuongezei chochote.

Kuhusu wezi wenyewe sitakaa sana. Wanatupenda kwa sababu tunakabidhi mzigo papo hapo bila kuuliza anwani, na ufunguo wa leseni unauzika tena ndani ya saa moja. Wako pia wanaotumia duka lako kama jiwe la kupimia: wana namba mamia za kadi zilizoibwa, wanataka kujua zipi bado zinafanya kazi, kwa hiyo wananunua kile kitu chako cha bei ndogo kabisa mara mia kwa usiku mmoja. Ukiona mfululizo wa malipo yaliyokataliwa ukifuatiwa na machache yaliyokubaliwa, usifurahie mauzo. Funga mlango, weka kikomo cha majaribio kwa kila anwani, na yale yaliyopita yarudishe mwenyewe kabla wenye kadi hawajaamka.

Sehemu ninayotaka tukae ni hii inayofuata, kwa sababu naamini ndiyo chanzo cha pingamizi nyingi kuliko wizi, kwa mauzo ya namna yetu. Ni mnunuzi mwaminifu ambaye hakuelewa.

Anafungua taarifa ya kadi yake mwisho wa mwezi. Anaona jina asilolijua, pengine la kampuni uliyoisajili miaka mitano iliyopita, likiwa limekatwa katikati kwa sababu nafasi ni herufi ishirini na kidogo tu. Duka lako analijua kwa jina jingine kabisa. Hana njia ya kujua kwamba ni wewe. Ana njia mbili: kukaa na kuchimba barua pepe zake, au kubonyeza kitufe kwenye programu ya benki kilichoandikwa sikitambui muamala huu. Wewe ungefanya nini? Ingieni leo kwenye mipangilio ya kampuni zenu za malipo mlisome jina linalokwenda kwenye taarifa. Kisha nunueni kitu kwenye duka lenu wenyewe, kwa kadi yenu wenyewe, muone kinachotokea. Nashangaa ni wangapi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja.

Kuna mzazi ambaye mtoto amenunua kwa kadi iliyohifadhiwa kwenye simu. Kuna mke na mume wanaotumia kadi moja. Kuna aliyejiunga na majaribio ya bure, akasahau, na siku ya kukatwa ikamkuta hajajiandaa. Kwa huyu wa mwisho hata Visa waliona tatizo: tangu Aprili 2020 kanuni zao zinamtaka muuzaji amkumbushe mnunuzi angalau siku 7 kabla ya majaribio kwisha, ampe njia rahisi ya kusitisha mtandaoni, na amweleze wazi alichokubali kulipia. Wapo wauzaji wanaofundishana kuificha njia ya kusitisha ili mteja akate tamaa. Ninawaambia kwa moyo wote, mteja hakati tamaa. Anakwenda benki, na benki ina kitufe kimoja tu, tena kikubwa.

Hapo ndipo swali la kurudisha pesa linapokuja, na ninajua humu ndani tunatofautiana. Wengi mmeandika kwenye kurasa zenu: hakuna kurudisha pesa kwa bidhaa za kidijitali. Naelewa. Umemkabidhi faili, ameshainakili, unarudishiwa nini? Lakini sera ile haifanyi kazi mnayodhani inafanya. Kwanza, mitandao ya kadi inataka mnunuzi awe ameiona na kuikubali kabla ya kulipa. Ikijificha chini ya ukurasa kwa maandishi madogo, ni kama haipo. Pili, hata aliyeikubali bado ana haki ya kupinga bidhaa mbovu au isiyofanana na maelezo. Tatu, sheria za watumiaji zina neno lake. Ukiwauzia watu wa Umoja wa Ulaya, agizo lao la haki za watumiaji la mwaka 2011 linampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo. Kwa maudhui ya kidijitali haki hiyo hukoma utoaji ukianza, lakini iwapo tu mnunuzi aliridhia waziwazi uanze mara moja na akakiri kwamba anaipoteza haki yake. Kisanduku kidogo cha kuweka alama kabla ya kulipa. Ni maduka mangapi yana kisanduku hicho, na ni mangapi yanayohifadhi kumbukumbu kwamba kiliwekwa alama?

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukimrudishia mtu pesa kwa hiari, umepoteza mauzo hayo basi. Ukisubiri aende benki, unapoteza mauzo, unalipa ada ya pingamizi ambayo mara nyingi hairudi hata ukishinda, unapoteza nusu siku ya kazi ukiandaa faili, na chajibeki moja inaandikwa kwenye hesabu yako. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua maduka, tena kimyakimya. Mastercard huchukua chajibeki za mwezi na kuzigawa kwa miamala ya mwezi uliotangulia. Anayefikisha chajibeki 100 pamoja na uwiano wa asilimia 1.5 huingia kwenye uangalizi wenye faini. Utasema wewe ni mdogo, hutafika 100. Ni kweli, lakini kampuni yako ya malipo ina uvumilivu wake yenyewe, mfupi kuliko huo, na inaweza kuzuia salio lako au kufunga akaunti mapema zaidi. Akaunti ikifungwa kwa sababu hiyo, unaweza kuingizwa kwenye orodha ya Mastercard iitwayo MATCH, ambamo jina hukaa miaka 5, na kila benki unayoiendea inaichungulia kwanza.

Angalieni pia jinsi hesabu hiyo inavyomuumiza anayeuza kwa misimu. Unazindua bidhaa kwa kishindo, mauzo yanamiminika mwezi mmoja, kisha duka linatulia. Pingamizi haziji mwezi wa uzinduzi. Zinakuja baadaye, wakati miamala mipya ni michache, na zilezile chache zinaonekana nyingi. Ushindi nao haukuokoi hapo, kwa sababu chajibeki huhesabiwa inapofunguliwa. Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza ni asilimia ngapi ya kesi ninashinda, naomba mniulize ni ngapi zinafunguliwa.

Weka mlango wa kurudishiwa pesa mahali panapoonekana: kwenye risiti, kwenye barua pepe ya kukabidhi, kwenye ukurasa wa akaunti. Jibu ujumbe wa malalamiko siku hiyohiyo. Kwa ninavyoona mimi, mtu anayeandika kwa ukali anakupa nafasi. Aliyekwisha kukata shauri la kwenda benki huwa haandiki.

Ila kuna tahadhari moja, na imewagharimu watu. Pingamizi likishafunguliwa rasmi, usimrudishie mnunuzi pesa kwa njia yako mwenyewe. Benki imeshazichukua, ukimtumia tena utakuwa umelipa mara mbili, na kuzifuatilia zile za pili ni kazi nzito. Mkipatana, mwombe aiandikie benki yake kwamba analiondoa pingamizi, nawe ambatisha maandishi hayo kwenye jibu lako.

Kuna wale wasio waaminifu, sitajifanya hawapo. Mtu anapakua violezo vyote, anavitumia kwenye kazi yake, kisha anaiambia benki kwamba hajapata kitu. Hao pigana nao, tena kwa utaratibu. Mfungie akaunti, futa ufunguo wa leseni ikiwa bidhaa yako inaruhusu, ijibu benki. Usimtukane, usimtangaze kwa jina lake, usimtumie vitisho. Maneno yako ya hasira yatakuja kuwa kiambatisho kwenye faili lake. Na uwe mwepesi wa kudhani kwamba pengine hukumwelewa, maana nami nimewahi kumwita mtu tapeli moyoni mwangu, kumbe barua pepe yenye kiungo ilikuwa imelala kwenye kikasha chake cha taka.

Neno kuhusu daftari lenyewe. Andika muda wa ununuzi, anwani ya IP, kifaa, akaunti, kila upakuaji na kila kuingia, masharti aliyokubali na toleo lake, na mawasiliano yote. Viweke mahali unapoweza kuvitoa kwa dakika tano, kwa sababu siku ya kujibu hutakuwa na subira ya kutafuta. Lakini usiweke namba za kadi. Hizo ziache kwa kampuni ya malipo, na zile tarakimu tatu za usalama zilizo nyuma ya kadi hairuhusiwi kuzihifadhi baada ya muamala kuidhinishwa, kwa sababu yoyote ile. Waeleze wateja kwenye sera ya faragha unachokihifadhi na kwa muda gani. Daftari la muuzaji lisigeuke hazina ya mwizi mwingine.

Nimalizie kwa kuwasomea barua niliyoiandika miaka kadhaa baada ya ile ya kurasa tatu. Sababu ilikuwa ileile, muamala haukuidhinishwa. Safari hii niliusoma ule mstari kwanza. Nasoma kama ilivyo, nimeondoa tu majina:

"Sababu ya pingamizi: mwenye kadi hakuidhinisha. Kadi hii imetumika kwetu mara tatu. Manunuzi mawili ya awali yalifanyika siku 290 na siku 164 kabla ya pingamizi, na hayakupingwa. Yote matatu yalitoka kwenye anwani moja ya IP na akaunti moja ya mteja. Jedwali liko ukurasa wa pili. Saa moja baada ya ununuzi unaopingwa, mwenye akaunti alituandikia kuomba risiti yenye jina la kampuni yake. Barua pepe hiyo iko ukurasa wa tatu."

Barua nzima ni hiyo. Hakuna neno kuhusu mwaka niliotumia kuandaa kozi wala neno la uchungu. Pesa zilirudi.

Baada ya uamuzi nilimwandikia mnunuzi kwa upole, nikamuuliza kulikoni. Akajibu siku hiyohiyo, ameona haya. Yeye hakupinga chochote, ni mhasibu wake. Mhasibu aliona kwenye taarifa ya kadi jina la kampuni asiyoijua, akafanya kazi yake kama anavyotakiwa. Nikaingia kwenye mipangilio. Jina lililokuwa likitokea ni la biashara niliyoifunga zamani, na herufi tatu za mwisho zilikuwa zimekatika. Nililibadilisha jioni ileile, kisha nikanunua bidhaa yangu mwenyewe kwa kadi yangu kuona kama limekaa sawa.

Kipaza sauti kiko pale katikati. Yeyote mwenye pingamizi ambalo muda wake wa kujibu haujaisha, naomba aanze yeye, atusomee kwanza sababu iliyoandikwa.